Können, kennen, wissen: dhana potofu kuhusu "kujua" na "kuweza"

Mswahili anapoanza kujifunza Kijerumani huwa amezoea kitenzi kimoja, na darasani anakuta vitatu vinamsubiri. Najua Kijerumani, najua kuogelea, namjua Asha, najua kwamba Asha yupo. Mjerumani atasema ich kann Deutsch, ich kann schwimmen, ich kenne Asha, ich weiß, dass Asha da ist. Hapo ndipo zinapozaliwa dhana nyingi zisizo sahihi, nyingine zikitoka kwa walimu wenye haraka ya kumaliza somo.

Dhana: können ni "kuweza" tu, na ich kann Deutsch ni sentensi iliyokatwa mkia.

Wengi hudhani neno sprechen, yaani kusema, limedondoshwa mwishoni. Hakuna kilichodondoka. Asili ya können ni kujua. Katika Biblia ya karne ya 4 ya Kigothi, ndugu wa kale wa Kijerumani asiyesemwa tena, kunnan ni kujua, na kuweza kulikuwa na kitenzi chake, magan. Kisha ikawa kwamba anayejua namna ya kufanya jambo anahesabiwa kuwa analiweza, na polepole kitenzi cha ujuzi kikakalia kiti cha kitenzi cha nguvu. Magan ikahama. Leo Mjerumani akisema ich mag Kaffee anamaanisha anapenda kahawa, na Mwingereza hutumia may kuomba ruhusa. Nguvu ya zamani imebaki kwenye Macht, mamlaka, na möglich, "inawezekana".

Mswidi naye husema jag kan svenska bila kuongeza kitu. Kunst, yaani sanaa, ni mtoto wa können. Kiingereza cunning zamani ilikuwa sifa ya mjuzi, kabla haijashuka hadhi ikawa ya mjanja. Sisi tunaopita kutoka "mjuzi" hadi "mjuaji" kwa kubadili kiambishi kidogo tu hatuna haja ya kushangaa. Wala mpaka wenyewe kati ya kujua na kuweza si mgeni kwetu. "Anajua kupika" ni sifa ya mtu. "Anaweza kupika" pengine ni kwamba leo ana nafasi.

Dhana: er kann na he can ni vitenzi vilivyoharibika, ndiyo maana havina -t wala -s ya nafsi ya tatu.

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu Mswahili ana ufunguo wake mfukoni na mara nyingi haambiwi.

Fikiria kiambishi -me-. "Amesimama" haituambii tu kwamba tendo la kusimama limeisha; hutuambia kwamba sasa hivi yuko wima. Vivyo hivyo ameketi, amelala, nimechoka, nimeshiba. Tendo limepita, hali imebaki. Kitenzi wissen kilizaliwa hivyohivyo. Shina lake ni lile la kuona, lililo pia katika Kilatini video, "naona". Ich weiß ilianza kama "nimeona", na aliyekwisha kuona anajua. Kigiriki cha kale kilifanya vilevile: oida, "najua", kwa umbo ni "nimeona".

Kwa hiyo weiß imevaa nguo za wakati uliopita huku ikifanya kazi ya wakati uliopo. Na katika Kijerumani na Kiingereza kitenzi kikongwe cha wakati uliopita hakichukui -t wala -s kwa nafsi ya tatu: er sang, he sang, "aliimba". Kann imevaa nguo hizohizo, pamoja na darf (anaruhusiwa), soll (anapaswa), mag (anapenda) na muss (analazimika), na kwa Kiingereza shall na may. Vyote viko sawasawa kabisa ukiviangalia kwa jicho la -me-. Vilipohitaji wakati uliopita wa kwao, ilibidi vishonewe mpya: konnte, "aliweza", na wusste, "alijua".

(Weiß ya kujua na weiß ya rangi nyeupe hazina undugu. Zimekutana njiani tu.)

Dhana: ken ya Waskoti ni Kiingereza kibovu.

Ukienda Edinburgh utasikia I dinnae ken, "sijui", na ken? ikichomekwa kati ya maneno kama sisi tunavyochomeka "unajua". Hilo ni neno la kale lenye ndugu kote kaskazini. Kennen na ken zilianza kama kauli ya kusababisha: si kujua, bali kujulisha. Kiaislandi kimeihifadhi maana hiyo: kenna ni kufundisha, na kennari ni mwalimu. Kwingineko maana ilirudi nyumbani, kujulisha ikawa kujua.

Kiingereza sanifu nacho kilikuwa na mgawanyo kama wa Kijerumani. Kilikuwa na witan, ndugu wa wissen, kabla know haijameza karibu kila kitu. Mabaki yake yako kwenye unwitting, "bila kujua", na kwenye witness, shahidi.

Dhana: herufi l ya could ni ya kale.

La. Kijerumani ni konnte, Kiswidi kunde, Kiholanzi kon. Hakuna l popote. Waandishi wa Kiingereza waliiongeza baadaye ili neno lifanane na would na should, ambazo zina l kwa haki yake.

Dhana: Wajerumani na ndugu zao hutenga kujua na kuweza kwa mstari usiovukwa.

Mholanzi akisema hij wist te ontsnappen, neno kwa neno ni "alijua kutoroka", lakini maana yake ni kwamba alifaulu kutoroka. Kitenzi cha kujua hapo kinafanya kazi ya kuweza. Mjerumani naye husema er weiß sich zu helfen, anajua kujisaidia, yaani hakwami. Na huko Uholanzi watu wengi mtaani husema dat ken niet, "haiwezekani", wakati shule inataka dat kan niet. Mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu. Katika Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki iliyotokana na Kijerumani, kenen moja hubeba kuweza na kumjua mtu kwa pamoja, na hiyo ndiyo lugha sanifu.