Je, wajua kwa nini kuzidisha kwa 12 huondoa sehemu kwenye mlinganyo?

Muuza nafaka wa Tandale, Dar es Salaam, ameuza theluthi ya gunia la mchele asubuhi na robo yake jioni. Jumla ni kilo 35. Gunia zima lilikuwa na kilo ngapi? Tuuite uzito huo x:

x/3 + x/4 = 35

Mstari wa sehemu maana yake ni kugawanya, na kugawanya hutenguliwa kwa kuzidisha. Inatakiwa namba inayogawanyika kwa 3 na kwa 4 bila baki. Ndogo kuliko zote ni 12, yaani KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili hizo mbili, namba zilizo chini ya mstari wa sehemu. Hata 24 ingefaa, ila ungebeba namba kubwa bure. Zidisha kila mtajo kwa 12:

4x + 3x = 420
7x = 420
x = 60

Hakiki: theluthi ya 60 ni 20, robo yake ni 15, jumla 35.

Wengi huteleza kwenye ile 35. Kwa kuwa haina asili, huiacha ilivyo, wakapata 7x = 35, x = 5. Jibu limepungua mara 12 kamili, kwa sababu upande wa kushoto umezidishwa na wa kulia haukuguswa. Gunia la kilo 5 lingetosha kumshtua mtu arudie hesabu.

Alama ya kutoa nayo inataka uangalifu:

x/2 − (x − 3)/5 = 3

KDS ni 10, hivyo 5x − 2(x − 3) = 30. Usiache mabano: −2 ikizidishwa kwa −3 inatoa +6, si −6. Basi 3x + 6 = 30, x = 8. Ukiandika −6 utapata 12, na uhakiki utaikataa.

Kisichojulikana kikiwa chini, kwenye asili, uhakiki si hiari tena:

x/(x − 2) = 2/(x − 2) + 3

Zidisha kwa (x − 2): x = 2 + 3(x − 2), kisha x = 2. Hatua zote zinaonekana safi. Lakini x ikiwa 2, asili ni 0, na hakuna kugawanya kwa 0. Tatizo lilianza pale tulipozidisha: kwa thamani hiyo tulizidisha pande zote kwa 0, na hata 5 na 9 zikizidishwa kwa 0 huwa sawa. Mlinganyo huu hauna jibu, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuandika.