Mdhamini Anapojibu Vibaya Baada ya Barua ya Ofa Kutoka

Katika kazi yangu ya rasilimali watu hapa Dar es Salaam, simu za dharura huwa nyingi mwisho wa mwezi, na mojawapo hujirudia karibu neno kwa neno: tumempa mtu barua ya ofa, ameisaini, leo mdhamini wake, yaani mtu aliyemtaja ili tumuulize juu ya utendaji wake, ametupa taarifa mbaya, je, tunaweza kuitengua? Kabla ya kujibu huomba nitumiwe barua yenyewe, kwa kuwa jibu limo humo, na liliandikwa kabla mdhamini hajapigiwa simu.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania humruhusu mtoa pendekezo kuliondoa wakati wowote kabla ukubali wa upande wa pili haujakamilika, lakini si baada ya hapo. Kwa hiyo barua ambayo mwombaji hajaijibu inaweza kuondolewa bila mzozo mkubwa, ilhali barua iliyosainiwa na kurudishwa tayari imezaa mkataba, hata kama siku ya kuanza kazi bado haijafika. Kinachomwokoa mwajiri hapo ni sentensi moja, kwamba ofa hii itakuwa na nguvu endapo taarifa za wadhamini wawili zitapatikana na kumridhisha mwajiri. Ikiwamo, sharti halikutimia na mkataba hauna pa kusimama. Isipokuwamo, kuitengua ofa ni kuvunja mkataba, na mwombaji ana haki ya kudai fidia ya hasara aliyoipata.

Hasara hiyo si ya kufikirika. Mtu anayelipwa kwa mwezi anatakiwa, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kutoa notisi isiyopungua siku 28, na wengi huiandika jioni ileile waliyopokea ofa. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwambia mhasibu mmoja kwa simu, "Karibu sana, tunakutarajia tarehe mosi," huku fomu za wadhamini zikiwa bado mezani kwangu hazijatumwa. Jibu baya lilipokuja, yeye alikuwa amekwisha kukabidhi funguo za kasiki kwa mrithi wake. Tulimlipa mishahara ya miezi miwili ili yaishe, na tangu siku hiyo barua yangu ya ofa hubeba mstari mmoja wa ziada: usiache kazi uliyonayo mpaka tukuthibitishie kwa maandishi.

Tuseme sharti limo. Bado hujamaliza, kwa sababu mdhamini hutoa ushahidi na wewe ndiwe unayepaswa kuupima. Nimewahi kusoma fomu iliyoandikwa kwa kalamu, "Hafai, hatulii kazini," na nilipompigia aliyeiandika akafafanua kwamba dada huyo alikuwa amejifungua mara mbili ndani ya miaka mitatu. Mwajiri aliyetengua ofa kwa sababu hiyo angekuwa amebagua kwa ujauzito, na katazo la ubaguzi katika sheria hiyo ya 2004 linamlinda hata mwombaji wa kazi, kama linavyomlinda kuhusu kabila, dini, ulemavu, hali ya VVU na mengineyo. Kwa hiyo huuliza maswali yanayojibika: alifanya kazi kuanzia lini hadi lini, katika cheo gani, kuna shauri lolote la nidhamu lililohitimishwa, na ungemwajiri tena? "Simwamini" ni hisia. "Alipewa onyo la maandishi kwa kuchelewesha hesabu za benki" ni taarifa, na inaweza kuthibitishwa.

Kisha muite mwombaji umweleze kiini cha kilichosemwa, bila kumsomea fomu nzima. Waajiri wengi huona aibu kwenye hatua hii, wakatuma barua pepe ya mistari miwili na kunyamaza, ilhali mimi naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mara huonekana kuwa mdhamini amechanganya majina. Mara mwombaji anatoa hati inayokanusha. Mara anakaa kimya, na kimya hicho nacho ni jibu. Kumbuka pia kwamba tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba kujua taarifa zake unazozishikilia, kwa hiyo usiandike pembeni mwa fomu jambo usiloweza kulitetea mbele yake.

Kuna wanaonishauri njia ya mkato: aanze tu, tutamwondoa kwenye kipindi cha majaribio. Ni kweli kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kutumia masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki, lakini kumhamisha mtu na familia yake kutoka Mbeya huku ukiwa umekwisha kuamua kumwondoa ni jambo ambalo sitaliandikia barua.

Barua ya kutengua yenyewe iwe fupi: itaje tarehe ya ofa, inukuu sharti ambalo halikutimia, iseme kwamba maelezo ya mwombaji yalisikilizwa tarehe fulani, na iseme ofa haina nguvu tena. Jina la mdhamini lisiwemo. Ipelekwe kabla ya siku ya kuripoti, na mwombaji apigiwe simu kwanza, ili asiisome akiwa kwenye daladala akielekea ofisini kwako.