MIDI: waya usiobeba sauti

Nyuma ya baadhi ya piano za kidijitali kuna matundu mawili ya mviringo, yameandikwa MIDI IN na MIDI OUT. Mtu huchomeka waya pale, akaupeleka moja kwa moja kwenye spika, akapiga. Kimya. Waya si mbovu. MIDI ni lugha ya vifaa vya muziki kupeana amri, haibebi sauti hata chembe.

Kinachopita humo ni maagizo ya namba. Bonyeza do ya katikati, ile C, na piano itatuma kitu kama 144, 60, 90. Hiyo 144 ni kusema "noti imeanza, chaneli ya kwanza". 60 ni noti yenyewe. 90 ni kasi ya kidole chako, kwa kipimo kinachoishia 127. Ukigusa taratibu huenda ikawa 30, ukigonga kwa hasira 120. Ukiachia, agizo jingine huenda kusema noti ikome. Kama hiyo 60 italia piano, tarumbeta au zeze, huo ni uamuzi wa kifaa kinachopokea. Piano yako inatoa amri tu.

Ndiyo maana vifaa vya kampuni zinazoshindana vinaelewana. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM huko California, sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits iliunganishwa na Jupiter-6, sintesaiza ya Roland, zikasikilizana. Lugha ile ndiyo inayotumika hadi leo.

Kuunganisha kwenyewe ni rahisi: OUT ya piano iingie IN ya kifaa cha pili, maana waya huu hupeleka upande mmoja tu. Kwa kompyuta, piano za sasa hutumia USB, mara nyingi waya ule wenye kichwa cha mraba kama wa printa, nao hupeleka na kurudisha.

Sauti ikichelewa, usikimbilie kulaumu MIDI. Hata kwa waya wa zamani, wa biti 31,250 kwa sekunde, agizo la noti moja humaliza safari kwa takriban milisekunde 1. Anayejivuta kwa kawaida ni kompyuta inapotengeneza sauti.

Na kila noti ikilia mara mbili, jua piano inajipigia yenyewe huku programu ya kompyuta ikiirudishia noti ileile. Ingia kwenye menyu, tafuta Local Control, yaani kiungo kati ya vibonye na sauti za piano yenyewe, uizime. Ukichomoa kompyuta kumbuka kuiwasha, la sivyo utabonyeza mpaka vidole viume, na spika za piano zisitoe kitu.