Königsberg ya Rufiji si ile ya Bergen

Ukikuta picha ya meli yenye dohani mbili na minara ya mizinga mitatumitatu, chini yake pameandikwa kwamba ndiyo Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha mto Rufiji katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, usiikubali. Hiyo ni ya mwaka 1927, na ndege za Waingereza ziliizamisha huko Bergen, Norwei, Aprili 1940. Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa na kruza (manowari nyepesi zenye kasi) tatu za jina hilo, moja baada ya nyingine. Yetu, kama mtaniruhusu kuiita hivyo, ilishushwa majini mwaka 1905.

Wakazi wa Dar es Salaam walipoiona Juni 1914 waliiita manowari ya bomba tatu. Jina hilo bado ndilo kipimo chepesi cha kuitofautisha na ile ya 1927: kabla ya kuamini picha yoyote, hesabu dohani.

Kosa la pili ni zito zaidi. Huandikwa kwamba Waingereza waliizamisha. Ni kweli kwamba tarehe 11 Julai 1915 mizinga ya Severn na Mersey, manowari mbili za Waingereza, ikielekezwa na rubani aliyeruka kutoka Mafia, iliiharibu vibaya na kumjeruhi nahodha Max Looff. Lakini aliyeamuru izamishwe ni Looff mwenyewe, na mabaharia wake wakailipua kwa vichwa vya torpedo. Na haikuzama yote. Mto ni wa kina kifupi, sitaha ya juu ikabaki nje ya maji, ndiyo maana Wajerumani waliweza kurudi na kuopoa mizinga yote kumi. Anayesema manowari ilipotea mtoni na silaha zake hawezi kueleza mizinga hiyohiyo iliwezaje kumsaidia von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, nchi kavu. Mmoja ulifika hadi Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli tunayoijua leo kwa jina la Liemba.

Leo mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Hapo Mombasa pana mtego: mji huo ulipata pia mzinga wa Pegasus, manowari ya Waingereza ambayo Königsberg iliipiga bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa kwenye matengenezo, na wageni huichanganya mizinga hiyo miwili. Tundu la mzinga wa Mjerumani ni milimita 105, la Mwingereza karibu 102. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Nenda na rula.