Je, wajua kwa nini serikali ya Marekani hufungwa ilhali fedha zipo?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2025 serikali kuu ya Marekani ilifungwa, na haikufunguliwa hadi tarehe 12 Novemba. Siku 43 hizo zilivunja rekodi ya siku 35 iliyowekwa mwaka 2018 na 2019. Muda wote huo kodi zilikatwa kama kawaida na Hazina haikuwa tupu. Hata hivyo mamia ya maelfu ya watumishi waliambiwa wakae nyumbani, na wengine wengi wakaambiwa waje kazini bila mshahara.

Chanzo ni mstari mmoja wa katiba yao: fedha hazitoki Hazina ila kwa sheria ya Kongresi, yaani bunge lao, inayoidhinisha matumizi. Kukusanya kodi ni jambo moja, ruhusa ya kuzitumia ni jingine, na kwa ofisi nyingi ruhusa hiyo ina tarehe ya mwisho. Zamani mwaka wao wa fedha ulianza 1 Julai, kama ilivyo Kenya na Tanzania hadi leo. Sheria ya mwaka 1974 iliusogeza hadi 1 Oktoba ili wabunge wapate miezi mitatu zaidi ya kumaliza kazi. Hawakumaliza. Kila mwaka wanatakiwa kupitisha miswada 12 ya matumizi, na tangu mpango huo uanze yote imepita kwa wakati mara nne tu: kwa miaka ya fedha ya 1977, 1989, 1995 na 1997.

Miaka mingine yote huendeshwa kwa viraka. Kiraka ni azimio la muda linalosema, kwa lugha ya mtaani, endeleeni kutumia kwa kiwango kilekile mpaka tarehe fulani. Kikiisha kabla kingine hakijashonwa, milango hufungwa.

Kukishona si rahisi, kwa sababu Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Kongresi, ina viti 100 na kwa kawaida zinahitajika kura 60 kukata mjadala ili mswada upigiwe kura. Ni nadra chama kimoja kufikisha viti hivyo. Kwa hiyo hata chama chenye wachache kinaweza kusema: hatupigi kura mpaka mtupe tunachotaka. Mwaka 2013 Warepublican walitaka sheria ya bima ya afya ya Obama ikwamishwe. Mwishoni mwa 2018 Trump alidai dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Mwaka 2025 Wademokrat walitaka ruzuku za bima ya afya zilizokuwa zinakwisha Desemba ziendelezwe. Katika visa vyote vitatu waliokomalia hawakupata walichodai siku ofisi zilipofunguliwa, jambo linaloshangaza ukizingatia jinsi mbinu hii inavyorudiwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Katiba hiyo ina zaidi ya miaka 230, lakini ofisi zimeanza kufungwa juzi tu, mwaka 1980. Miaka ya 1970 ruhusa ya matumizi iliisha mara kadhaa, na kazi ikaendelea. Wakuu wa ofisi walipunguza safari, wakaahirisha kuajiri, wakasubiri Kongresi imalize ugomvi wake.

Kilichobadilika ni barua. Karne ya 19 ofisi za serikali zilikuwa na ujanja: kumaliza fungu la mwaka mzima ndani ya miezi michache, kisha kwenda Kongresi kudai nyongeza kwa kuwa deni limeshaingia. Nyingine zilichukua watu “wa kujitolea” ambao baadaye walikuja kudai malipo. Sheria zikatungwa kukomesha michezo hiyo, na mwaka 1884 ikapigwa marufuku serikali kupokea kazi ya kujitolea. Tarehe 25 Aprili 1980 Mwanasheria Mkuu wa Rais Jimmy Carter, Benjamin Civiletti, alizisoma sheria hizo neno kwa neno, akaandika kwamba ruhusa ikiisha ofisi haina haki ya kuendelea, na atakayeiendesha anaweza kushtakiwa. Siku chache baadaye, 1 Mei, tume inayosimamia ushindani wa kibiashara ilifunga kwa siku moja. Januari 1981 Civiletti alilegeza kidogo: kazi za kulinda uhai wa watu na mali ziendelee. Adhabu kwa anayevunja kwa kusudi ni hadi miaka miwili jela au faini ya dola 5,000. Hajulikani aliyewahi kufungwa kwa kosa hilo, lakini woga wake unatosha.

Basi ofisi hufungwaje? Kila wizara ina mpango wake ulioandikwa mapema, unaowagawa watumishi mafungu matatu. La kwanza ni wanaolipwa kutoka chanzo kingine, hao hawaguswi. La pili ni wa lazima: waongoza ndege, wakaguzi wa abiria viwanjani, askari wa magereza, walinzi wa mipaka. Wanakuja kazini, mshahara unasubiri. La tatu ni wanaopelekwa likizo ya lazima bila malipo. Siku ya kwanza hupewa takriban saa nne za kufunga: kuweka ujumbe wa kutokuwepo kwenye barua pepe, kukabidhi kazi, kufunga makabati. Baada ya hapo hata kufungua barua pepe ya kazini ni kosa, maana kufanya kazi bure ni kule kujitolea kulikokatazwa mwaka 1884. Ndiyo maana mwaka 2013 kamera iliyorusha picha za panda wa bustani ya wanyama ya taifa ilizimwa, ingawa panda wenyewe waliendelea kulishwa. Kulisha ni kulinda uhai, kurusha picha siyo.

Kuna mengi yasiyofungwa. Pensheni za wazee na bima yao ya afya zina sheria ya kudumu. Posta inajiendesha kwa mauzo yake. Kwa anayeomba viza akiwa Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, kazi huendelea kwa sehemu kubwa kwa sababu inalipiwa na ada za waombaji, na idara ya uhamiaji ni hivyohivyo. Pa kuangalia ni vibali vinavyoanzia Wizara ya Kazi: huko maombi ya waajiri yalisimama mwaka 2013, na tena kwa karibu Oktoba nzima ya 2025.

Wabunge nao hulipwa, kwa kuwa mishahara yao ina fungu la kudumu. Hapo kila mtu ana maoni yake.

Wiki mbili za kwanza mwananchi wa kawaida haoni shida kubwa, na hilo linatokana na kalenda ya mishahara. Serikali hulipa kila baada ya wiki mbili, na malipo ya kwanza baada ya kufungwa huja nusunusu, kwa siku zilizofanyiwa kazi kabla. Yanayofuata ni sifuri. Ndipo waongoza ndege huanza kutafuta vibarua na kukosekana kazini. Tarehe 25 Januari 2019 upungufu wao ulisimamisha kwa muda ndege za kuelekea uwanja wa LaGuardia, New York, na siku hiyohiyo serikali ikafunguliwa. Mwaka 2025 mamlaka ya anga iliamuru safari zipunguzwe katika viwanja vikubwa 40 kuanzia 7 Novemba. Wakati huo pia msaada wa chakula wa mwezi Novemba kwa watu wapatao milioni 42 ulikwama.

Kwetu ugomvi kama huu una njia nyingine. Katiba ya Kenya, ibara ya 222, inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio bajeti ikichelewa. Tanzania, Bunge likikataa bajeti ya serikali, Rais anaweza kulivunja. Rais wa Marekani hana uwezo wa kuivunja Kongresi, na Kongresi haiwezi kuiangusha serikali kwa kura ya kutokuwa na imani. Pande mbili hubaki zimekabiliana mpaka mmoja achoke.

Kufungua ni haraka. Rais anasaini, ofisi ya bajeti ya Ikulu inatuma waraka, na watumishi hurudi siku inayofuata. Tangu mwaka 2019 kuna sheria ya kuwalipa malimbikizo yote, pamoja na waliokaa nyumbani, hivyo serikali hulipia siku ambazo kazi haikufanyika. Ofisi ya bajeti ya Kongresi ilikadiria kwamba siku 35 zile zilipunguza pato la taifa kwa dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazingerudi. Sheria hiyo lakini inawahusu walioajiriwa na serikali yenyewe. Wasafishaji, walinzi na wapishi wa kantini wanaoletwa na makampuni ya kandarasi hawamo, na siku walizokosa zimekwenda.