Kuchomoka kwa mpira wa kupumulia: nani kachomoa?

Mtoto aliyewekewa mpira wa kupumulia hulia bila sauti. Machozi yanamtoka, uso umekunjamana, mdomo wazi, na husikii kitu. Mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti kuingia koo la hewa, na pumzi ambayo ingezitikisa nyuzi hizo inapita ndani ya mpira. Ndiyo maana mama aliyekaa siku tatu kando ya kitanda cha mahututi, akisikia ghafla mwanawe analia kwa sauti, asianze kushukuru. Amwite nesi kwanza. Huenda mpira umetoka mahali pake.

Tukio hilo kitaalamu huitwa kuchomoka kwa mpira bila kupangwa, na vitenzi vyetu vinalieleza vizuri. Daktari anauchomoa: mtoto kapata nafuu, dawa ya usingizi imepunguzwa, vifaa viko tayari. Hiyo si ajali. Mtoto anajichomoa: mkono umefika mdomoni kabla ya mtu kuuwahi. Mpira unachomolewa na mkono mwingine bila kukusudia, mtoto anapogeuzwa, anapopimwa uzito, anapobadilishiwa shuka au anapoinuliwa apigwe picha ya kifua. Au unachomoka wenyewe, mate yakishailowesha plasta. Hayo matatu ya mwisho ndiyo dhana yenyewe.

Nayaeleza haya kwa sababu ya bibi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyekuwa akisimulia barazani habari za mjukuu wake aliyelazwa kwa homa ya mapafu. "Kajichomoa mwenyewe, mtundu yule!" Watu wakacheka. Mtundu mwenyewe alikuwa na miezi minane. Mtoto wa umri huo hajui mpira ni nini. Anajua kuna kitu kinamkera kinywani, na mkono wake hufuata kinachomkera.

Ugumu uko kwenye vipimo vya mwili wake. Koo la hewa la mtoto mchanga lina urefu wa sentimita 4 hadi 5 hivi, halifiki hata kidole cha shahada cha mtu mzima. Ncha ya mpira inatakiwa itulie juu kidogo ya njia panda, pale koo linapogawanyika kwenda pafu la kulia na la kushoto. Ukizama mno, mara nyingi huingia upande wa kulia na pafu la kushoto likakosa hewa. Ukipanda mno, umetoka. Na ncha hiyo haitulii: kidevu kikiinamia kifuani inashuka, kichwa kikiinuliwa nyuma inapanda. Mtu mzima ana nafasi ya kutosha kwa mwendo huo. Kwa kichanga, sentimita moja ni safari.

Kwa hiyo mpira una alama za sentimita, na wauguzi huandika namba inayosomeka mdomoni. Kwa watoto waliopita miaka 2 iko kanuni ya haraka ya kukadiria: gawanya umri kwa 2, jumlisha 12. Wa miaka 4 atasomeka kama 14. Kila zamu huisoma upya namba iliyoandikwa, na ikipungua, mpira unapanda hata kama plasta inaonekana imeshika. Nayo plasta, kiyoyozi kikikatika katika joto letu la Februari, haina urafiki na jasho wala mate. Kuikagua na kuibadilisha kwa mikono ya watu wawili, mmoja akiushikilia mpira tu, ni kazi inayoonekana ndogo mpaka siku isipofanywa.

Ukishatoka, muda ni mfupi. Kwa kila kilo ya mwili, mtoto mdogo hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, na akiba yake mapafuni ni ndogo. Oksijeni ikishuka, moyo wake unapunguza mapigo. Mashine inayopima hewa chafu anayoitoa, kama ipo, ndiyo huwahi kusema: mstari wake hulala kabla kipimo cha kidoleni hakijashtuka. Hapo anawekewa barakoa na kupuliziwa hewa kwa ambu, mfuko unaominywa kwa mkono, ndipo iamuliwe kama mpira urudi. Kuurudisha ni kugumu zaidi koo likiwa limevimba. Ndugu aliye karibu asijaribu kuusukuma ndani. Aite kwa sauti, basi.

Wodi huhesabu ajali hizi kwa siku za mpira, si kwa idadi ya watoto. Watoto 5 wenye mipira kwa siku 20 ni siku 100, na wodi nyingi hulenga kubaki chini ya ajali 1 kwa siku hizo 100. Naipenda hesabu hii. Haimtafuti mkosaji, inauliza plasta ilikuwaje, nesi mmoja alikuwa na watoto wangapi, dawa ya usingizi ilitosha?

Dawa hiyo nayo ina mtego. Ikiwa ndogo, mtoto anahangaika na kuvuta. Ikiwa nyingi, anakaa kwenye mashine ya kupumulia siku zaidi, na kila siku ya ziada ni nafasi nyingine ya ajali. Kumfunga mikono si dawa: wapo wagonjwa wengi waliojichomoa wakiwa wamefungwa.

Halafu wapo watoto ambao mpira hutoka kwa ajali na hawarudishiwi, kwa sababu wanapumua wenyewe vizuri. Mjukuu wa Ngamiani alikuwa mmoja wao. Aliwekewa oksijeni ya puani, sauti ikamkwaruza siku mbili, akaanza kunyonya. Bibi anaendelea kusema kajichomoa kwa utundu. Mimi nadhani alikuwa amechelewa kuchomolewa.