Malaria "kupanda kichwani": vimelea haviingii ndani ya ubongo

Mtoto akipatwa na degedege kisha akapoteza fahamu, wengi husema malaria imempanda kichwani, wakiamini vimelea vimepenya na kuanza kuula ubongo. Hatari ni ya kweli kabisa, na mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Maelezo ndiyo yenye kasoro.

Kimelea cha Plasmodium falciparum huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu, na hata hali ikiwa mbaya namna hii hubaki humo, ndani ya mshipa. Hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuipachika kwenye uso wa nje wa chembe hiyo. Protini hiyo hushikana na molekuli za kunatisha seli, kama ICAM-1, zilizo kwenye ukuta wa mishipa midogo ya ubongo. Chembe hung'ang'ania pale kama kupe. Damu hupita kwa shida, ukuta hudhurika na kuanza kuvuja majimaji, ubongo huvimba. Huko Blantyre, Malawi, utafiti wa picha za MRI uliochapishwa 2015 ulikuta uvimbe mkubwa wa ubongo kwa watoto 21 kati ya 25 waliofariki.

Kwa kuwa adui yumo kwenye damu, dawa humfuata humohumo. Sindano ya artesunate huua hata vimelea vichanga, kabla chembe hazijaanza kunata. Utafiti wa 2010 kuhusu malaria kali kwa watoto katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, ulikuta waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9.